Kasisi wa Siku Mbili kwa Wiki: Jinsi Altare Ilivyofungwa kwenye Mshahara

Ukisoma matangazo ya nafasi za utumishi katika dayosisi za vijijini nchini Uingereza, utakutana mara kwa mara na tangazo la aina moja. Vijiji vitano au sita, kila kimoja na kanisa lake la mawe lililojengwa karne nyingi zilizopita, vinatafuta kasisi mmoja wa Kianglikana. Hatalipwa mshahara. Atapewa nyumba ya kuishi bila kodi, na badala yake atahudumu siku ya Jumapili pamoja na siku nyingine mbili za wiki. Utaratibu huo huitwa, kwa maana ya maneno yake, “nyumba kwa huduma”. Msako wake huwa mrefu, na mara nyingi anayepatikana ni mtu aliyekwisha kustaafu kazi nyingine, mwenye pensheni ya kumlisha.

Maelezo ya haraka yanafahamika: waumini wamepungua, fedha zimepungua, vijana wamehamia mijini. Yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kanisa la karne ya kwanza liliishi katika jumuiya ndogondogo, wala halikuwa na mfuko wa mishahara. Hata hivyo halikukosa mtu wa kuumega mkate. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba uhaba wa kasisi katika vijiji vya Uingereza si uhaba wa watu. Ni matokeo ya uamuzi wa kihistoria uliofunga madaraka ya altare kwenye mapato ya kudumu, kiasi kwamba mapato yalipoondoka, altare nayo ilibaki bila mtu. Historia hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia mbili: mfumo huo uliletwa kwetu, na mmoja wa wapinzani wake wakubwa alimalizia maisha yake Nairobi akitafsiri tenzi za Kiswahili.

Kasisi na shamba lake

Katika Uingereza ya zama za kati, parishi ilikuwa kitengo cha ibada na pia kitengo cha uchumi. Wanakijiji walitoa zaka, yaani sehemu ya kumi ya mavuno na ya mazao ya mifugo. Juu ya hiyo kulikuwa na ardhi ya kanisa ambayo kasisi aliilima mwenyewe au aliikodisha. Aliyekabidhiwa parishi alikabidhiwa pia mapato hayo kama haki yake ya maisha, na ilikuwa vigumu kumwondoa. Haki ya kumpendekeza kasisi nayo ilikuwa mali: ilishikwa na mabwana wa ardhi, Taji, maaskofu na vyuo vya Oxford na Cambridge, ikarithiwa na hata kuuzwa.

Mfumo wa namna hiyo ulikuwa na matokeo yaliyotarajiwa. Pale ambapo nafasi ni mali, wenye uwezo watajilimbikizia. Bunge lilitunga sheria mwaka 1529, enzi za Mfalme Henry VIII, kujaribu kuzuia kasisi mmoja kushika parishi nyingi na kujishughulisha na kilimo cha biashara. Desturi haikufa. Karne ya 18 ilipofika, lilikuwa jambo la kawaida kwa kasisi kula mapato ya parishi asiyoishi humo, huku msaidizi aliyelipwa kidogo akifanya kazi.

Gilbert White ni mfano mzuri, na simtaji kwa kumdharau. Dunia inamkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1789 kuhusu viumbe na mazingira ya kijiji cha Selborne, kitabu ambacho wanasayansi wa mazingira wanakiheshimu hadi leo. White alikuwa kasisi msaidizi kwa muda mrefu wa maisha yake. Alikuwa pia mwanachama wa chuo cha Oriel huko Oxford, na alishika parishi ya mbali ya Moreton Pinkney bila kuishi huko. Kwa lugha ya leo tungemwita kasisi wa nusu wakati: sehemu ya wiki kwa altare, sehemu kwa ndege, kobe na bustani. Nakumbusha hili kwa sababu wengi wanaolalamika leo huamini kwamba kila kijiji cha Uingereza tangu zamani kilikuwa na kasisi wake wa wiki nzima. Haikuwa hivyo.

Karne iliyomzaa kasisi wa wiki nzima

Kasisi anayeishi kijijini, asiye na kazi nyingine, mwenye nyumba kubwa kando ya kanisa, kwa sehemu kubwa ni zao la karne ya 19. Mwaka 1836 iliundwa Tume ya Kanisa kusawazisha mapato ya dayosisi na parishi. Mwaka huohuo, zaka za mazao ziligeuzwa kuwa malipo ya fedha, yaliyopimwa kwa wastani wa bei za ngano, shayiri na shayiri pori kwa miaka saba. Miaka miwili baadaye, sheria ya 1838 iliweka masharti makali: kasisi asishike parishi zaidi ya mbili, nazo ziwe ndani ya maili 10, asifanye biashara, asikodi shamba la zaidi ya eka 80 kwa kilimo bila ruhusa ya askofu.

Nia ilikuwa njema. Wanamageuzi walitaka kukomesha ulafi na kumrudisha mchungaji kwa kondoo wake. Lakini tuangalie kilichofanyika kimya kimya. Katika kumzuia kasisi asiwe mfanyabiashara, sheria ilimzuia pia mfanyabiashara asiwe kasisi. Fundi, mkulima mdogo na mwenye duka waliwekwa nje ya mlango wa altare, hata kama wangekuwa watu wenye imani na heshima kuliko wote kijijini. Ukasisi ukawa taaluma ya muungwana aliyesoma, mwenye kipato maalumu na nyumba inayolingana na hadhi yake.

Taaluma hiyo ilisimama juu ya bei ya nafaka. Kuanzia miaka ya 1870, ngano ya bei nafuu kutoka Amerika Kaskazini iliangusha kilimo cha Uingereza, na thamani ya zaka ikaanguka nayo. Katika miaka ya kati ya vita kuu mbili, wakulima wa kusini na mashariki mwa nchi waliinuka kupinga malipo hayo. Wengine walikamatiwa mali na mifugo, na majirani wakakusanyika kuvuruga minada. Mwaka 1936 Bunge lilifuta malipo hayo na kuwafidia wenye haki kwa hati za serikali. Mwaka 1948 Tume ya Kanisa iliunganishwa na mfuko wa kuwasaidia makasisi maskini, ulioanzishwa na Malkia Anne mwaka 1704. Sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika 1978, ilihamisha ardhi za parishi kwenda mikononi mwa dayosisi.

Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ya haki kwa upande mmoja: kasisi wa parishi tajiri na kasisi wa parishi maskini sasa wangepata kipato kinachokaribiana. Kwa upande mwingine, kijiji kilipoteza kile ambacho mababu zake walikitenga ili kiwe na kasisi wake. Tangu hapo kijiji huchanga kwa dayosisi, na dayosisi huamua kasisi aende wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kanisa la Uingereza lilikuwa na makasisi zaidi ya 20,000. Leo wanaolipwa mshahara hawafiki 8,000, ilhali makanisa yenyewe bado ni takriban 16,000, na karibu theluthi mbili yako vijijini. Hesabu haiwezi kukubali. Ndiyo maana parishi ziliunganishwa mbili, kisha nne, na mahali pengine zaidi ya kumi chini ya kasisi mmoja anayezunguka kwa gari siku ya Jumapili.

Hata sheria za ibada zililazimika kuinama. Kanuni zenye asili ya mwaka 1603 zilidai ibada ya Jumapili katika kila kanisa la parishi. Mwezi Februari 2019 Sinodi Kuu ililegeza sharti hilo, ikaruhusu ibada ifanyike katika kanisa mojawapo la kundi la parishi. Sheria ilikiri jambo ambalo wanakijiji walikuwa wakiliishi kwa miongo kadhaa.

Mzee wa Nairobi

Hapa ndipo anapoingia Roland Allen. Alizaliwa Bristol mwaka 1868, akaenda kaskazini mwa China kama mmisionari mwaka 1895, akawa Beijing wakati wa kuzingirwa kwa balozi mwaka 1900. Mwaka 1904 alipewa parishi ya Chalfont St Peter, katika jimbo la Buckinghamshire. Aliiacha mwaka 1907 kwa sababu ya dhamiri: hakukubali kuwabatiza watoto wa watu wasioonyesha nia yoyote ya kuishi imani hiyo.

Mwaka 1912 alichapisha kitabu kilicholinganisha mbinu za Mtume Paulo na mbinu za wamisionari wa zama zake. Mwaka 1930 alitoa kingine cha kutetea makasisi wa kujitolea, yaani watu wanaoendelea na kazi zao za kila siku huku wakihudumu altareni. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa. Kanisa linafundisha kwamba Ushirika Mtakatifu ni chakula cha lazima kwa mwamini. Kanisa hilohilo linasema kwamba ni kasisi peke yake anayeweza kuongoza meza hiyo. Kisha linaamuru kwamba kasisi lazima awe amesomea chuoni kwa miaka, na alipwe mshahara wa kudumu. Basi, kwa kanuni zake lenyewe, linawanyima chakula watu ambao haliwezi kuwalipia mpishi. Paulo, aliyekuwa mshona mahema, aliwaweka wazee katika kila mji alikopita baada ya muda mfupi tu, na hakuwaachia bajeti.

Allen hakuwa akifikiria China na Afrika pekee. Aliona kwamba walowezi wa Kizungu waliotawanyika katika makoloni, na vijiji vya kwao Uingereza, walikuwa katika hali moja na Wakristo wapya wa misheni. Wote walisubiri mtu atumwe kutoka mbali, hali miongoni mwao walikuwepo watu wazima wenye busara ambao jamii nzima iliwaamini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alihamia Kenya, na huko akajifunza Kiswahili. Wanafunzi wa fasihi yetu wanamfahamu, huenda bila kujua ni nani, kwa tafsiri yake ya Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed Abdallah el Buhry, uliochapishwa mwaka 1961 ukiwa na maelezo ya mwanawe, J. W. T. Allen. Huyo mwana ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Roland Allen alifariki Nairobi mwaka 1947. Mapendekezo yake kuhusu ukasisi yalikuwa bado hayajakubaliwa na kanisa lake.

Mfumo uliosafirishwa

Allen alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake. Misheni za Kianglikana zilipokuja pwani yetu na bara, zilibeba pia sura ya kasisi wa Kiingereza wa karne ya 19. John Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Majaliwa alisoma Kiungani, Zanzibar, na pia Canterbury, kabla ya kuhudumu upande wa kusini, Chitangali. Kwa upande wa Misheni ya CMS, William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi Frere Town, Mombasa, mwaka 1885, baada ya utumishi wa miaka mingi.

Wakati huohuo, kazi halisi ya vijijini ilifanywa na walimu na makatekista. Hao ndio waliofundisha, waliozika, waliosali na wagonjwa na kuongoza ibada kila Jumapili. Walilima mashamba yao kama jirani zao. Kwa kila kipimo cha huduma walikuwa wachungaji, ila hawakuwekewa mikono, na hivyo meza ilibaki imefunikwa hadi padre apite. Kijiji cha Masasi na kijiji cha Norfolk vilikuwa na historia tofauti kabisa, lakini kanuni iliyovizuia ilikuwa moja.

Kukubali kwa kuchelewa

Mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1958 ulikiri hatimaye kwamba hakuna kanuni ya kiteolojia inayomzuia mtu anayefaa kupewa ukasisi huku akiendelea na kazi yake ya kawaida. Mwaka 1960 dayosisi ya Southwark, kusini mwa London, ilianzisha mafunzo ya jioni na ya mwisho wa wiki kwa watu waliobaki kazini. Mwaka 1964 ripoti ya Leslie Paul kuhusu mgawanyo na malipo ya makasisi iliweka wazi kwamba makasisi walikuwa wengi mahali penye watu wachache na wachache mahali penye watu wengi. Mwaka 1970 maaskofu walitoa taratibu rasmi za makasisi wasiolipwa. Leo wanahesabika kwa maelfu.

Je, basi Allen ameshinda? Nasema hapana, au tuseme ameshinda nusu. Yeye alitaka kijiji kimtoe mtu wake. Utaratibu wa “nyumba kwa huduma” bado unatafuta mtu wa kuletwa. Fuatilia hatua zenyewe. Nafasi inapokuwa wazi, sheria ya 1986 inalitaka baraza la parishi liandike maelezo ya hali na mahitaji yake na kuchagua wawakilishi wawili. Mwenye haki ya kupendekeza hutaja jina. Wawakilishi na askofu wanaweza kulikataa. Pale askofu anaposimamisha haki hiyo ili parishi ziunganishwe, humteua kasisi kwa leseni yake. Katika kipindi chote cha kusubiri, wazee wawili wa kanisa ndio wanaofungua milango, wanaopanga zamu na kuwabembeleza makasisi wastaafu waje kuongoza Ushirika Mtakatifu. Watu wanaolibeba kanisa kwa miezi kadhaa ndio haohao wanaoandika tangazo la kumtafuta mgeni aje kulibeba.

Kuna pia suala la haki ambalo wanaharakati hawapaswi kulipuuza. Anayeweza kufanya kazi kwa malipo ya nyumba tu ni mwenye pensheni, akiba, au mwenza anayelipwa. Kibarua wa shambani hawezi. Hivyo mlango uliofungwa mwaka 1838 kwa jina la hadhi unafungwa leo kwa jina la ubanaji matumizi. Aidha, wanawake, waliopewa ukasisi kwa mara ya kwanza katika Kanisa la Uingereza mwezi Machi 1994, wamekuwa na sehemu kubwa zaidi katika kundi la wasiolipwa kuliko katika kundi la wanaolipwa. Taasisi inapogundua thamani ya kujitolea, ni vizuri kuuliza nani hasa anajitolea.

Tena, siku mbili za kwenye karatasi si siku mbili. Kifo hakisubiri Jumatano. Mjane anayebisha hodi Ijumaa usiku haulizi ratiba, na kasisi mwema hamrudishi.

Pingamizi na jibu lake

Watetezi wa kasisi wa mshahara wana hoja nzito, nami naiheshimu. Elimu ya teolojia humlinda mwamini dhidi ya mafundisho ya ovyo. Mtu wa kutoka nje huweza kukemea ugomvi wa koo ambao mwenyeji angeuogopa. Mshahara humpa kasisi uhuru wa kumwambia tajiri ukweli. Tumeshuhudia, hapa kwetu, madhara ya wahubiri waliojiteua wenyewe wasiowajibika kwa yeyote.

Lakini hoja hizo zinadai mafunzo na usimamizi. Hazidai kwamba kila meza iwe na mshahara wake. Kasisi mmoja aliyelipwa na kusoma vizuri anaweza kuwafundisha na kuwasimamia wazee kumi waliowekewa mikono katika vijiji kumi. Hiyo ni kazi yenye heshima kuliko kukimbiza saa kutoka altare moja hadi nyingine. Baadhi ya dayosisi za Uingereza zilijaribu njia hiyo tangu miaka ya 1980, kwa kuwapa daraja watu waliopendekezwa na jumuiya zao wahudumu hapohapo. Nyingine baadaye zilipunguza au kuacha mpango huo. Naona hapo ndipo palipokuwa na mbegu, na kuiacha kwa ajili ya matangazo ya “nyumba kwa huduma” ni kurudi kumtafuta Gilbert White mwingine, safari hii bila zaka.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, somo haliishii kanisani. Kila taasisi inayotoa huduma vijijini ina vitu viwili ambavyo huchanganywa: huduma yenyewe, na sura ya mtumishi tuliyoizoea. Bajeti inapopungua, tunalinda sura na kupunguza huduma. Au tunalinda jina la huduma na kumwachia mzigo mtu asiyelipwa. Njia zote mbili zinakwepa swali la msingi, ambalo ni nani mwenye mamlaka ya kutenda pale kijijini, na nani aliyemnyima. Mwenye kazi anastahili ujira wake, na anayebeba kazi ya kudumu alipwe. Ila kukosekana kwa ujira kusigeuzwe kuwa sababu ya kuwanyima wanakijiji madaraka juu ya mambo yao wenyewe.

Katika vijiji vile vya Uingereza, wazee wa kanisa wataendelea kufungua milango Jumapili ijayo, kasisi awepo asiwepo. Kanisa lao linajua majina yao, umri wao na miaka waliyotumikia. Lililobaki ni kuwauliza wanakijiji ni nani kati ya hao wanayemwamini, kisha kumfundisha na kumwekea mikono.